Muda wa kuzubaa kazini: robo saa, matembezi, nusu siku au wiki nzima?

Muulize mtu anayeishi kwa kubuni, awe mwandishi, mhandisi, mwalimu anayetunga masomo au mchoraji, wazo lake bora la mwaka huu lilimjia wapi. Mara chache atakuambia lilimjia mezani. Atakuambia alikuwa anaoga. Alikuwa anakunja nguo. Alikuwa amekaa tu akimsubiri mtu aliyechelewa. Wengi wetu hatuhitaji tena kushawishiwa kwamba akili inataka nafasi ya kupumua ili izae kitu. Tunachoshindwa ni kuchagua. Nijitengee robo saa kila siku ya kukaa bila kufanya lolote? Nitoke nikatembee? Nimwombe mkuu wangu nusu siku kwa wiki isiyo na ratiba? Au nidunduize siku za likizo, niende nikakae wiki nzima na mawazo yangu?

Kila njia kati ya hizi nne ina watu wanaoiapia, na kila mmoja huisifu yake kana kwamba inafungua makufuli yote. Nimezijaribu zote kwa nyakati tofauti, na naona kwamba hazigombei nafasi moja. Kila moja inatibu kukwama kwa namna yake. Mtu mwenye swali lililo wazi ambalo jibu lake linamponyoka hahitaji muda uleule anaouhitaji mtu ambaye hata swali lenyewe hajalipata. Ndiyo maana nitaanza na aina ya kukwama, kisha ndipo nije kwenye saa na kalenda.

## Kuku haatamii kiota kitupu

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aligawa safari ya wazo jipya katika hatua nne, ambazo kwa Kiswahili naziita kujiandaa, kuatamia, kupambazukiwa na kuhakiki. Muda wa kuzubaa ndiyo hatua ya pili. Kuku hukaa juu ya mayai, na anayemtazama anaweza kudhani hafanyi kitu. Lakini mayai lazima yawepo kwanza.

Hadithi inayosimuliwa zaidi kuhusu jambo hili ni ya Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa, ambaye aliieleza mwenyewe mbele ya wanasaikolojia mjini Paris mwaka 1908. Alikuwa safarini, hisabati imemtoka kichwani, na alipoweka mguu kwenye ngazi ya gari la abiria la farasi katika mji wa Coutances, jibu likamjia zima, bila kulitafuta. Wasimulizi hukumbuka ngazi ya gari. Husahau kwamba kabla ya hapo alikuwa amehangaika kwa siku 15 mfululizo akijaribu kuthibitisha kwamba vitu vya kihisabati alivyokuwa akivichunguza haviwezi kuwepo, na kwamba aliporudi nyumbani alikaa chini akahakiki kila hatua.

Utafiti wa baadaye unaelekea huko huko. Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya majaribio 117 kuhusu kuweka tatizo kando kwa muda. Kwa jumla kupumzika kulisaidia, kulisaidia zaidi pale mtu alipotakiwa kutoa mawazo mengi kuliko pale palipokuwa na jibu moja tu, na kulisaidia zaidi kadiri mtu alivyotangulia kulihangaikia tatizo kwa muda mrefu. Hiyo ya mwisho naomba uibebe mpaka mwisho wa makala. Kama hujaumiza kichwa na tatizo lako, hakuna njia kati ya hizi nne itakayokusaidia.

Na kama bado unajiona mvivu ukikaa bure, fahamu pia kwamba ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na matumizi hayo hayapungui sana unapopumzika. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake nchini Marekani walieleza mtandao wa sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi pale mtu anapoacha kushughulika na jambo la nje. Ndani, shughuli inaendelea.

## Vigezo vinne

Nitazipima njia zote kwa maswali yaleyale: zinafaa kukwama gani, zinagharimu muda gani na zinahitaji ruhusa ya nani, zinavujia wapi, na unavunaje kilichopatikana.

Kwa kuzitaja kwa ufupi: robo saa ni dakika 15 hadi 20 kila siku, bila simu wala cha kusoma, ukiwa umekaa tu au ukifanya kazi nyepesi ya mikono. Matembezi ni nusu saa hivi ya kutembea peke yako, mara kadhaa kwa wiki. Nusu siku ni saa nne kila wiki zisizo na mikutano wala kazi uliyopangiwa. Wiki ni siku tano au zaidi mfululizo nje ya kazi za kawaida, mara moja au mbili kwa mwaka, na kwa wachache huwa ni miezi.

## Kukwama gani?

Robo saa inamfaa mwenye swali dogo, lililo wazi, na kichwa kilichochoka kulitazama. Aya haikai. Hesabu inakataa. Mchoro una kasoro usiyoiona. Mwaka 2012 Benjamin Baird na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California, waliwapa watu tatizo la kubuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida, kisha wakawagawa wakati wa mapumziko: wengine wakapewa kazi nyepesi, wengine kazi ngumu, wengine wakakaa tu, na wengine wakaendelea bila kupumzika. Waliofanya kazi nyepesi ndio walioboreka zaidi, na waliboreka kwa maswali waliyokuwa wameshayaona. Kwa maswali mapya hawakupata faida hiyo. Sharti niongeze kwamba watafiti waliorudia swali hilo baadaye hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo usilichukue kama sheria. Lakini linalingana na ninachokiona: kupanga makaratasi au kuosha vyombo, huku swali likiwa bado la moto, kunanisaidia kuliko kukaa nikijilazimisha kuwaza.

Anayeweza kulala kidogo katika robo saa hiyo ana sababu nzuri ya kujaribu. Mwaka 2021 watafiti wa Paris waliwapa watu hesabu zenye kanuni fupi iliyofichika, kisha wakawapumzisha kwa dakika 20 kwenye kiti. Waliogusa mwanzo tu wa usingizi, hata kwa sekunde 15, asilimia 83 yao waliigundua kanuni. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi usingizini, asilimia 14 tu. Kusinzia kunasaidia, na kuzama kunaharibu. Ndiyo maana washiriki walishika kitu mkononi, kama inavyosimuliwa kuwa Thomas Edison alifanya, ili kikidondoka kiwaamshe.

Matembezi yanafaa unapotaka mawazo mengi. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford walifanya majaribio na watu 176 na wakakuta kwamba kutembea kunaongeza mawazo mapya kwa wengi wao, hata mtu alipotembea kwenye mashine akitazama ukuta mtupu, na faida hiyo ilibaki kwa muda hata baada ya kukaa chini. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hili: kwenye maswali ya neno yenye jibu moja tu sahihi, watembeaji walifanya vibaya kidogo kuliko waliokaa. Kama umeshakusanya mawazo 20 na unatakiwa kuchagua moja, kaa chini. Ukitembea, unaweza kurudi na mawazo 25.

Nusu siku ni jambo la aina nyingine, na hapa watu wengi huchanganya. Kwa kweli si muda wa kuzubaa. Ni muda usio na amri. Unatengeneza, unasoma, unachezea kitu ambacho hakimo kwenye orodha yako ya kazi. Unamfaa mtu ambaye hajakwama kwenye tatizo, ila amekwama kwenye mazoea: anaifanya kazi yake vizuri, anajua wiki ijayo itakavyokuwa, na kuna kitu pembeni kinachomvuta ambacho hakuna aliyemtuma akifanye. Kampuni ya 3M imekuwa na desturi ya kuacha asilimia 15 ya muda wa kazi uwe wa namna hii tangu 1948. Historia ya vikaratasi vyake vya kunata inaonyesha kinachowezekana. Spencer Silver alipata gundi dhaifu mwaka 1968, na hakuna aliyejua ifanyie kazi gani. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyechoshwa na vialama vya karatasi vilivyodondoka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo kanisani, akaikumbuka. Bidhaa iliingia sokoni kote Marekani mwaka 1980. Tazama urefu wa muda huo: miaka 12. Robo saa haiwezi kulilea wazo yatima kwa miaka 12, ila saa chache za kila wiki zinaweza. Na ona pia kwamba cheche yenyewe haikuwashwa kazini. Iliwashwa kanisani, kwa mtu aliyekuwa anaimba. Muda wa kampuni ulichofanya ni kuipa cheche hiyo mahali pa kukua.

Wiki inamfaa anayehitaji kubadilisha swali. Unajua kufanya unachofanya, lakini huna hakika tena kama ndicho cha kufanya. Maamuzi ya namna hiyo hayaingii katikati ya mikutano miwili. Bill Gates, alipokuwa anaongoza Microsoft, alikuwa na desturi ya kujitenga wiki nzima, mara mbili kwa mwaka, akisoma maandiko ya wafanyakazi wake na kufikiri mwelekeo. Stefan Sagmeister, mbunifu wa michoro wa New York, alikuwa na desturi ya kufunga studio yake kwa mwaka mzima kila baada ya miaka 7. Huo ni mfano wa mbali sana na maisha ya wengi wetu, lakini unaonyesha kanuni: kadiri swali linavyokuwa kubwa, ndivyo linavyohitaji eneo kubwa lisilo na kelele kuzunguka.

## Muda na ruhusa

Watu husema robo saa ni rahisi na wiki ni ghali. Piga hesabu kwanza. Dakika 15 mara 5 kwa wiki ni dakika 75, na kwa wiki 48 za kazi ni saa 60. Hiyo ni wiki moja na nusu ya saa 40. Matembezi ya nusu saa mara tatu kwa wiki yanafika saa 72 kwa mwaka. Nusu siku ya kila wiki ni saa 192, karibu wiki tano. Wiki moja ya kujitenga ni saa 40, na kwa mwaka ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote nne.

Tofauti ni namna maumivu yanavyokuja. Robo saa inalipwa kidogo kidogo na hakuna anayeiona. Wiki inalipwa kwa mkupuo, na kila mtu anaona kiti chako kitupu.

Ndiyo maana ruhusa ni muhimu kuliko saa. Mtu wa mezani anaweza kuanza robo saa au matembezi kesho bila kumwambia yeyote. Muuguzi wa zamu, mlinzi, dereva au mtu wa kaunta hawezi. Kwake robo saa ipo tu ndani ya mapumziko yaliyopangwa au njiani kwenda na kurudi. Nusu siku karibu daima inahitaji idhini ya mkuu, na idhini ya mdomo haitoshi. Wiki inahitaji mtu wa kukushikia kazi, na inahitaji nyumba pia. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kumtunza hawezi kutoweka siku tano kwa sababu ana wazo, na makala yoyote inayomwambia aende tu akajitenge haijamfikiria.

## Panapovuja

Robo saa inavuja kwenye simu. Najua kila mtu anasema hivyo, lakini sababu ya ndani si simu. Ni kwamba kukaa na mawazo yako mwenyewe ni kugumu mno. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake nchini Marekani waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika chache, kati ya 6 na 15, bila kitu cha kufanya. Katika jaribio moja walikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo tayari walikuwa wamesema wangelipa pesa kuiepuka. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Ukinyoosha mkono kuchukua simu dakika ya tatu, wewe si dhaifu kuliko wengine. Ila uvumilie uchoshi huo, kwa sababu huenda ndio mlango wenyewe. Mwaka huohuo, Sandi Mann na Rebekah Cadman nchini Uingereza waliwafanya watu wanakili namba za simu kwa dakika 15, kazi ya kuchosha kabisa, kisha wakawauliza wabuni matumizi ya vikombe viwili. Waliochoshwa walitoa mawazo mengi zaidi.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayeacha kazi katikati hubaki na sehemu ya akili yake kwenye kazi ile. Umekaa dirishani, lakini kichwani bado unaandika barua pepe. Dawa yangu ni ndogo: kabla ya kuinuka naandika mstari mmoja, nimeishia wapi na nitaanzia wapi. Baada ya hapo akili inaachia.

Matembezi yanavuja masikioni. Ukivaa vipokea sauti ukasikiliza mazungumzo ya watu wengine, umeifanyia miguu mazoezi na akili umeifungia kazi nyingine. Kutembea huku mnajadiliana na mwenzako ni jambo jema, lakini ni mkutano. Charles Darwin alikuwa na kijia chake cha kutembea nyumbani kwake Kent, akikizunguka kila siku. Aliweka mawe machache pembeni na kila mzunguko akasukuma moja, asilazimike hata kuhesabu. Naipenda picha hiyo. Hata hesabu ya mizunguko aliitoa kichwani.

Nusu siku ndiyo inayoliwa haraka kuliko zote. Nilishafanya kazi mahali ambapo Ijumaa mchana ilitangazwa kuwa ya kila mtu na mawazo yake. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri kweli, watu waliletana vitu. Mwezi wa pili zikaanza kuingia kazi zilizobaki za Alhamisi. Mwezi wa tatu ukaitishwa mkutano mmoja wa dharura saa nane mchana Ijumaa, halafu wa pili, na waliouitisha ni walewale waliotangaza utaratibu. Hakuna aliyeufuta. Ulikufa bila taarifa, na ninaamini ulikufa kwa sababu kazi nyingine hazikupunguzwa hata kidogo. Google ilipotangaza asilimia 20 yake ya muda wa kazi kwa miradi ya mtu mwenyewe kwenye barua ya waanzilishi ya mwaka 2004 ilisifika dunia nzima, lakini Marissa Mayer, aliyekuwa mmoja wa viongozi wake wa mwanzo, alisema baadaye kwamba kwa ukweli ilikuwa asilimia 120: muda wa ziada juu ya kazi kamili. Ukiahidiwa nusu siku, swali la kuuliza ni kazi gani itaondolewa ili ipatikane.

Wiki inavuja mwanzoni. Siku mbili za kwanza mwili unadai usingizi wake, siku ya tatu unaanza kutafuta vya kurekebisha nyumbani. Sagmeister mwenyewe amesimulia kwamba mapumziko yake ya kwanza aliyaanza bila mpango, akitumaini utupu utazaa mawazo, akajikuta anatimiza maombi madogo madogo ya watu wengine. Ndipo akaandika orodha ya mambo yaliyomvutia na kuyapangia saa, kama ratiba ya shule. Kadiri muda wa bure unavyokuwa mrefu, ndivyo unavyohitaji mifupa ndani yake. Robo saa haihitaji mpango wowote. Wiki bila mpango inamwagika.

## Kuvuna

Hapa ni kwa kifupi, kwa sababu kanuni ni moja na vyombo ndivyo tofauti. Wazo la robo saa ni dogo na linatoroka upesi, kwa hiyo daftari liwe mkono mmoja mbali. Wazo la matembezini lirekodi kwa sauti kama una kinasa sauti, au beba karatasi na kalamu fupi; ukifungua simu kuandika utakutana na jumbe saba kabla ya kufika kwenye ukurasa mtupu.

Nusu siku ivunwe hadharani. Kampuni ya Atlassian, tangu 2005, huwapa wafanyakazi saa 24 za kufanya wanachotaka kwa sharti moja, kwamba mwishoni waonyeshe walichofanya. Sharti hilo linafaa hata kwa watu wawili: kila wiki ya nne, onyesha mwenzako kitu, hata kama kimeshindikana. Na wiki imalizike kwa ukurasa mmoja ulioandikwa kabla ya kurudi: nimeamua nini, naacha nini, hatua ya kwanza ni ipi na siku gani. Bila ukurasa huo, Jumatatu itakufutia yote kufikia saa tano asubuhi.

## Hali yako ikoje?

Kama una tarehe ya mwisho wiki hii na umekwama kwenye kipande kimoja, chagua robo saa, mara mbili kwa siku, baada ya saa nzima ya kulihangaikia tatizo kwa bidii. Usiguse njia nyingine kwa sasa.

Kama unaanza mradi na unahitaji mawazo mengi ya kuchagulia, tembea. Tembea kabla ya kikao cha kubuni, si baada yake, kisha kaa chini kuchuja.

Kama una ulemavu, maumivu au mazingira yasiyoruhusu kutembea, usidhani umekosa kitu kisichopatikana kwingine. Kazi nyepesi ya mikono inaiachia akili nafasi ya kutangatanga vilevile, na robo saa ya kusinzia ni yako pia.

Kama kazi yako ni ya zamu na huna hata dakika ya kujiamulia, tumia njia ya kwenda na kurudi. Upande mmoja tu, simu ikiwa mfukoni. Si muda kamili kama wa mtu wa ofisini, na si haki kwamba ni mdogo hivyo, lakini umo tayari kwenye siku yako na hauhitaji saini ya mtu.

Kama umejiajiri, jihadhari na nusu siku zaidi ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu hakuna wa kukuzuia kuifuta. Iweke siku ambayo wateja wako huwa kimya, na umwambie mtu mmoja kwamba utamwonyesha ulichofanya. Wiki ya kujitenga, kwa upande mwingine, huenda ikakufaa kuliko mwajiriwa, maana swali la "niendelee na hiki?" liko mikononi mwako kabisa.

Kama unaifanya kazi vizuri lakini umeizoea hadi haikushangazi, omba nusu siku. Nenda kwa mkuu wako na pendekezo la kazi ipi itapungua, na muda wa majaribio wa miezi mitatu. Akikataa, omba nusu siku moja kwa mwezi. Ni kidogo, lakini inatosha kuweka wazo hai.

Kama huna hakika tena na mwelekeo wenyewe na familia inaweza kukuachia nafasi, dunduiza likizo kwa ajili ya wiki. Kama haiwezi, chukua siku mbili, na uzitangulizie majuma kadhaa ya kusoma na kuandika maswali, ili zisiishie kwenye kupumzika tu.

Kama umechoka hadi usingizi hautoshi na kazi uliyoipenda inakuchukiza, hakuna njia hapa iliyoandikwa kwa ajili yako leo. Huhitaji wazo jipya. Unahitaji kulala, kupunguziwa mzigo, na pengine kuonana na daktari. Ubunifu utausubiri mwili.

Na kama wewe ndiye mkuu unayewachagulia wengine, usiwachagulie. Wape watu wako njia zote nne wazisome, mmoja atatembea na mwingine atakaa dirishani. Kazi yako ni kuondoa kitu kimoja kwenye ratiba yao kabla ya kuongeza muda huo, na saa watakazochagua, usiwatumie ujumbe.